Bi Sesilia Nambunga na Saa Tatu za Tunu

Bi Sesilia Albano Nambunga, fundi sanifu mkuu wa karakana ya mitambo, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na saba, miezi kumi na siku ishirini na saba. Hesabu hiyo ni sahihi. Imetoka kwenye jalada lake. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara mbili, na mara zote mbili mvua ndiyo iliyofunga barabara ya Mbagala. Ijumaa hii watumishi watakusanyika ukumbini kumuaga. Kutakuwa na pilau, hotuba tatu, kitenge na jokofu dogo. Yeye hakuomba jokofu. Aliomba jambo moja, akakataliwa, na wasifu huu hauwezi kuandikwa kwa ukweli bila kulieleza jambo hilo.

Alizaliwa Masasi mwaka 1965. Baba yake, Mzee Albano, alikuwa mchonga vinyago, na alipohamia Dar es Salaam alipata kibanda Mwenge. Kaka za Sesilia walipewa tezo na patasi. Yeye alipewa msasa na rangi ya viatu, kazi ya kung'arisha walichochonga wengine. Aliifanya miaka saba. Amewahi kusema kwamba hakuichukia kazi hiyo. Alichokichukia ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka nyingine.

Aliajiriwa mwezi Agosti 1987 akiwa na cheti cha fundi mchundo wa kukereza vyuma, daraja la kwanza. Karakana ilikuwa na mashine sita na mafundi wanne, wanaume wote. Yeye akapelekwa stoo kugawa spana. Alikaa stoo miaka miwili na nusu, akigawa spana kwa watu ambao baadhi yao hawakujua kuzitumia. Alitolewa huko siku mashine kubwa ya kukereza iliposimama katikati ya mtihani na mafundi wote wanne wakaizunguka asubuhi nzima. Sesilia alifunga dirisha la stoo, akaja, akafungua kifuniko cha gia, akatoa kipande cha chuma kilichokwama, akarudi kugawa spana. Wiki iliyofuata alihamishwa. Barua ya uhamisho inasema amehamishwa "kwa sababu ya upungufu wa watumishi".

Wengi wetu tunakumbuka mchezo wake na wanafunzi wapya. Kila mwaka, bila kukosa, yupo aliyefika mlangoni, akamkuta ameinama juu ya mashine, akasema:

"Shikamoo mama. Namuulizia fundi."

"Marahaba. Ametoka kidogo. Msubiri hapo kwenye benchi."

Anaingia chumba cha nyuma, anavaa koti la kazi, anachomeka kalamu sikioni, anatoka.

"Haya, fundi amerudi. Ulikuwa unasemaje?"

Tulicheka sana. Ni lazima isemwe kwamba mchezo huo ulidumu miaka thelathini na nne, na kwamba haukudumu kwa sababu yeye aliupenda.

Mwaka 2009 chuo kilipokea mradi wa kuongeza wanawake katika fani za ufundi na uhandisi. Wafadhili walitaka idadi. Matangazo yalibandikwa, na waliokuja kuomba walikuwa wanawake wawili, mmoja akiwa amekosea jengo. Bi Sesilia akasema mabinti hawasomi matangazo ya lango letu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba lango lile ni lao. Siku ya Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alikwenda Keko kwenye karakana za samani.

Huko alikiona alichokijua. Barabara nzima, vitanda, makabati na viti vya sofa. Wavulana kwenye mashine, mabinti pembeni na msasa, nywele zimejaa vumbi la mbao. Alisimama kwa Mzee Mwishehe, fundi wa makabati aliyeheshimika mtaa ule, akamwamkia, kisha akamwomba binti yake.

"Mwalimu, nikikupa huyu, nani atanipigia msasa?"

"Kaka zake."

"Kaka zake wako kwenye mashine."

"Basi wapokezane, mzee. Msasa hauchagui mkono."

Mafundi wa jirani wakaacha kazi kusikiliza. Mmoja akapiga kelele: "Mzee leo kapatikana!" Mzee Mwishehe alicheka, lakini hakukubali. Alitaka ahadi. Bi Sesilia akampa: "Nakuchukulia mtu wa msasa, nitakurudishia fundi." Aliitamka mbele ya watu, na kwa mtu kama yeye jambo lililotamkwa mbele ya watu haliishi hivihivi.

Binti huyo aliitwa Tunu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alama yake ya fizikia haikuwa ya kujivunia. Ndiyo maana siku ya usaili Bi Sesilia alitoa kigoda cha mninga. Kilikuwa kipimo chake mwenyewe, na alikitumia kwa kila mwombaji, mwenye cheti na asiye na cheti. Alikiweka mahali palepale kwenye sakafu ya karakana yetu, kikawa kinacheza, kisha akauliza kina tatizo gani. Waombaji wenye alama nzuri walikipindua, wakapima miguu kwa macho, wakachagua mguu wa kukata. Mmoja alikuwa ameshashika msumeno. Tunu alikizunguka, akakibeba, akakiweka hatua tatu mbali. Kikatulia. Akakirudisha, kikacheza.

"Kigoda hakina neno," alisema. "Sakafu yenu ndiyo mbovu."

Kamati ya udahili ilicheka, ikampokea. Ilimpokea kwa sababu ilihitaji wanawake saba na ilikuwa na sita. Mradi ukaandika: wanawake saba wamedahiliwa.

Tunu alikuwa mwanafunzi ambaye mwalimu humpata mara chache. Mwisho wa mwaka wa kwanza aliongoza darasa katika ufitishaji wa vyuma. Mwaka wa pili alitengeneza kibanio cha kushikia vipande vidogo ambacho karakana inakitumia hadi leo. Mzee Mwishehe alikuja kukitazama siku ya maonyesho. Alikigeuza mkononi, akauliza kama binti alisaidiwa, akaambiwa hakusaidiwa, akakigeuza tena.

Mwezi Machi 2011, wiki tano kabla ya mtihani wa mwisho, ofisi ya msajili ilijumlisha daftari la mahudhurio. Kanuni ilisema kwamba mwanafunzi atakayekosa zaidi ya saa arobaini za karakana hatafanya mtihani, na kwamba atakayetoka karakana kwa zaidi ya dakika kumi na tano atahesabiwa kuwa amekosa kipindi kizima cha saa moja. Tunu alikuwa na saa arobaini na tatu. Jina lake lilikatwa. Yalikatwa pia majina ya wenzake wanne kati ya wale saba.

Hakuna aliyeghushi daftari. Kila alama ilikuwa mahali pake. Jambo ambalo daftari halikulionyesha ni hili: choo cha wanaume kilikuwa nyuma ya ukuta wa karakana, na choo cha wanawake kilikuwa jengo la utawala, juu kabisa ya kilima, mlango mmoja, kikitumiwa pia na makarani na wageni. Kanuni iliandikwa wakati karakana haikuwa na mwanamke hata mmoja. Mabinti walilijua tatizo, wakajitibu wenyewe kwa njia mbaya kuliko zote: walikuja karakana bila kunywa maji. Mmoja alianguka kwenye banda la kuchomelea saa tano asubuhi, na waliomwokota waliandika kwamba hakupata kifungua kinywa.

Bi Sesilia alikuja kwa msajili akiwa na saa ya mkononi na karatasi. Alikuwa ameipanda njia hiyo mara kumi. Kwenda dakika sita, kurudi dakika sita, foleni dakika sita. Kumi na nane kwa jumla.

"Twende tukatembee," alisema. "Ukirudi, utaamua."

Msajili hakuinuka kitini. Alijibu kwamba kanuni ni moja kwa wote.

"Kanuni ni moja," alisema Bi Sesilia. "Vyoo ni viwili."

Kisha akaandika kwa kamati barua ya mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema: "Kabla hamjakata mguu wa kigoda, pimeni sakafu." Kamati iliona kwamba lugha hiyo haifai katika barua ya ofisi, na kwa sababu hiyo barua haikujadiliwa.

Alikwenda Keko mwenyewe kumweleza Mzee Mwishehe. Angeweza kutuma barua ya chuo, hakutuma. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akapiga randa mara mbili tatu, akasema bila kuinua sauti: "Uliniahidi fundi, mwalimu. Umenirudishia mtu wa msasa niliyekuwa naye." Tunu alikuwepo. Alichukua msasa.

Tangu hapo, kila mwezi Januari, Bi Sesilia aliandika barua kuomba saa tatu za Tunu zifutwe ili ahesabiwe kuwa alistahili kufanya mtihani. Barua ziko kumi na nne jaladani, zote kwa mwandiko wake uliosimama wima. Zote zilijibiwa. Jibu lilikuwa moja: daftari la mwaka 2011 limefungwa.

Isidhaniwe kwamba alikaa akisubiri majibu. Aliomba choo kijengwe karakana, akaambiwa hakimo katika mpango. Mwaka 2014 alikuja Kulsumbai, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chang'ombe, kuchukua vipande alivyokuwa ameagiza vikerezwe. Aliuliza choo, akaelekezwa kilimani. Kulsumbai alikuwa na zaidi ya miaka sabini na magoti mabovu. Katikati ya njia alisimama, akashika ukuta, akasema: "Sesilia, hawa mabinti zako wanapanda huku kila siku?"

"Kila siku, mama. Ndiyo maana hawamalizi masomo."

"Na wakubwa zako wanajua?"

"Wao choo chao kiko karibu."

Kulsumbai hakuendelea na safari hiyo. Aliomba apelekwe nyumbani. Siku nne baadaye lori lilishusha masinki, mabomba, mabati na saruji. Wanafunzi wa kike walichimba, wakajenga, wakaunganisha mabomba wenyewe, na Bi Sesilia akasimama na pima maji mkononi, akiwavunjisha ukuta mmoja mara mbili mpaka uliponyooka.

Chuo kilikizindua choo hicho kwa utepe. Kulikuwa na mkalimani, maua na hotuba kuhusu mustakabali wa mtoto wa kike. Baada ya hotuba kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ukawekwa jengo la utawala, kwa ajili ya wageni. Mwenye haja alitakiwa apande kilima kuomba ufunguo, ashuke kukitumia, apande tena kuurudisha. Watu wazima, wenye shahada, waliupanga utaratibu huo kwa maandishi.

Bi Sesilia aliomba ufunguo mara moja kama wengine. Kabla hajaurudisha, alichonga nakala yake. Kisha akachonga nyingine, na tangu mwaka huo kila binti aliyejiunga na karakana alipewa siku ya kwanza koti la kazi, miwani ya kinga na ufunguo wa choo. Utawala ulipogundua, alipewa barua ya onyo kwa kosa la kunakili funguo za mali ya chuo bila kibali. Aliisaini, akaipeleka karakana, akaibandika kwenye mlango wa choo, upande wa ndani, mahali ambapo aliyeiandika asingeweza kuisoma.

Matokeo yaandikwe, kwa kuwa hayakuandikwa kokote. Kabla ya choo, Bi Sesilia alileta mabinti thelathini na mmoja kutoka Keko, Mwenge, Tandika na Mbagala. Walimaliza kumi na mmoja. Baada ya choo alileta mia moja thelathini na watatu. Walimaliza mia moja kumi na wanane. Walimu walikuwa walewale, na mitihani haikurahisishwa. Leo wapo wanaosimamia mitambo viwandani, wapo bandarini, na sita wamemaliza shahada ya uhandisi. Taarifa za chuo kwa wafadhili hazikuwahi kutaja waliomaliza. Zilitaja waliodahiliwa, kwa sababu idadi hiyo ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Mwaka 2018 chuo kilipewa tuzo kwa kuwainua wanawake katika sayansi na ufundi. Hafla ilifanyika hotelini Msasani. Wanaume watatu walikwenda kuipokea. Bi Sesilia hakwenda. Aliambiwa gari limejaa. Picha ya tuzo imetundikwa kwenye korido ya utawala, nje ya mlango wa kile choo cha zamani, na kila mtu anaweza kwenda kuwahesabu wanaume hao.

Mzee Mwishehe alifariki mwaka 2019. Bi Sesilia alikwenda mazikoni, akakaa na wanawake, na hakuzungumzia ahadi.

Mwezi uliopita kamati ya kumuaga ilimuuliza angependa zawadi gani. Aliandika mstari mmoja: "Naomba saa tatu za Tunu Mwishehe zifutwe." Kamati ilisikitika kwamba jambo hilo halimo ndani ya uwezo wake, ikanunua jokofu.

Hapa inabidi nieleze nafasi yangu. Msajili ambaye hakuinuka kitini mwaka 2011 ni mimi. Majibu yote kumi na manne yana saini yangu. Nilikuwa naandika kwamba daftari limefungwa, na ni kweli lilikuwa limefungwa. Lakini kanuni ya kumi na nne inamruhusu msajili kulifungua daftari lolote, mbele ya mashahidi wawili, pale inapothibitika kwamba msingi wa hesabu ulikuwa na kosa. Sikuwa nimeisahau. Niliiandika mimi.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, niliondoka karakana kwa miguu nikiwa na saa mkononi, nikapanda hadi jengo la utawala na kurudi. Nilitumia dakika ishirini na moja, pamoja na sita nilizosimama mlangoni kama foleni. Nina umri wa miaka hamsini na tisa, kwa hiyo dakika tatu ni zangu. Kumi na nane zilizobaki ni zile alizoziandika yeye. Mchana niliwaita mashahidi, nikalifungua daftari, nikaondoa kila kipindi kilichohesabiwa kwa sababu ya kilima. Tunu hakuwa amekosa saa arobaini na tatu. Alikuwa amekosa saa sita, nazo ni za siku aliyougua malaria. Wenzake wanne nao walikuwa ndani ya kiwango.

Niliandika hati, nikaigonga muhuri, nikaipeleka Keko. Tunu sasa ana umri wa miaka thelathini na mitano, na karakana ya baba yake ni yake. Nilimkuta kwenye mashine ya kupasulia mbao. Kaka yake mdogo alikuwa pembeni anapiga msasa. Aliizima mashine, akaniamkia kwa heshima, akaisoma hati yote.

"Inasema nilistahili kufanya mtihani."

"Ndiyo."

"Mtihani upi, mzee?"

Nikamwambia ukweli: mtihani huo ulifutwa mwaka 2016, na mtaala wake haupo tena.

Aliikunja hati mara mbili, akanirudishia. "Mpelekee Bi Sesilia. Yeye ndiye aliyemwahidi baba. Mie nina kazi za watu hapa." Akawasha mashine. Nilisubiri kidogo, ikawa dhahiri kwamba mazungumzo yamekwisha.

Hati hiyo atakabidhiwa Bi Sesilia siku ya Ijumaa, pamoja na jokofu. Imechelewa miaka kumi na minne, na mtu aliyepaswa kuiona amelala makaburini. Sitaiita zawadi.

Chuo hakijamteua mtu wa kwenda Keko siku za Jumamosi, kwa sababu kazi hiyo haikuwahi kuandikwa katika majukumu ya mtumishi yeyote. Kigoda kimerudishwa stoo na kupewa namba. Katika makabidhiano, Bi Sesilia ametoa kila kitu kilichoorodheshwa, isipokuwa ufunguo mmoja wa choo, ambao amewaachia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Utawala umeniandikia niufuatilie. Nimejibu kwamba uko mahali pake.

Bi Sesilia, tunakushukuru kwa mia moja ishirini na tisa waliomaliza, na tunakuomba radhi kwa wale ambao tuliwakata sisi. Ulituambia mapema, kwa mistari minne, tukakosoa lugha yako. Nenda ukapumzike. Tunakutakia afya, magoti yasiyouma, na miaka mingi yenye heri katika nyumba ambayo sakafu yake umeipima mwenyewe.

Mwinjuma Sefu
Msajili wa Wanafunzi